Jando si chanjo: wanayoamini vijana wetu wa Kusini kuhusu VVU

Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba, kijiwe cha bodaboda cha karibu na kwangu hapa Masasi hakilali. Pesa za mnada zinaingia, abiria wanatoka Newala na Nanyumbu, baa zinajaa. Ndiyo miezi ninayosikia mengi kuhusu Ukimwi kutoka kwa wadogo zangu pale kijiweni, na mengi si kweli.

"Mimi nimepita jandoni, sipati"

Kwetu hili ndilo kubwa. Wamakonde, Wamakua, Wayao, Wamwera, wote tuna jando. Mvulana anatoka kumbini akiwa ameambiwa amekuwa mwanaume, naye anajiongezea mwenyewe kwamba amekingwa.

Lina chembe ya ukweli, ndiyo maana halifi. Tafiti tatu za Afrika Kusini, Kenya na Uganda zilionyesha kwamba tohara inapunguza uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Sababu ni kwamba ngozi ya ndani ya govi ni laini na ina seli nyingi ambazo virusi huzivamia kwa urahisi. Govi likiondoka, mlango unakuwa mwembamba. Haufungwi. Kijana anayelala na wanawake watatu msimu mzima bila kondomu, tohara yake haitamwokoa. Wala haimkingi msichana aliye naye: kama kijana ana virusi na hatumii dawa, anaambukiza vilevile, awe ametahiriwa au la.

Na kumbi lenyewe lina hatari zake. Wembe uliomkata mmoja usimguse wa pili. Kidonda nacho kinataka kama wiki sita kupona. Anayekimbilia kwa mwanamke kabla ya hapo anakwenda na jeraha wazi. Ngariba na wazee wa kumbi wanasikilizwa kuliko nesi yeyote. Hayo mawili wakiyasema wao, yanashika.

"Mke wangu kapima kliniki, kadi iko safi"

Kijana mmoja aliniambia hivi huku akifuta tandiko la pikipiki yake, na alikuwa na amani kabisa. Nilimwelewa. Lakini kadi ile ni ya mkewe. Virusi havipiti kila mara watu wanapokutana, kwa hiyo wenza wanaweza kukaa miaka mmoja anavyo na mwenzake hana. Tena kipimo kinaweza kisione maambukizi ya karibuni. Kwa aliyejiweka hatarini, jibu la kutulia nalo ni la baada ya miezi mitatu.

"Kama wanapima mate, basi mate yanaambukiza"

Hayaambukizi. Kipimo cha kujipima kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza baada ya kuvamiwa. Unapitisha kijiti kwenye ufizi wa juu, kisha wa chini, unakitumbukiza kwenye kichupa chake, unasubiri dakika 20. Niliwahi kukaa na kijana dakika hizo zote. Alikiweka kichupa juu ya ndoo iliyofunikwa, akageuza simu isionyeshe saa, akaanza kuniuliza bei ya korosho. Mstari ulitoka mmoja, kwenye C, yaani kipimo hakikuona maambukizi. Ingetoka miwili, kazi ingekuwa kwenda kituo cha afya kupimwa tena kwa uhakika, maana mistari miwili ya nyumbani si jibu la mwisho.

"Dawa ni za waliokonda"

Tangu 2016 Tanzania haisubiri mtu akonde. Ukikutwa na virusi unaanza dawa. Ukizimeza kila siku mpaka kipimo cha damu kishindwe kuviona virusi, humwambukizi mwenzako kwa kujamiiana. Kuna pia dawa za dharura za kuzuia maambukizi: kondomu ikipasuka Ijumaa saa nne usiku, una mpaka Jumatatu saa nne usiku kuzianza, saa 72, na kila saa unayowahi ni faida kwako. Zinamezwa siku 28.

"Vijana wa kiume hawajali afya zao"

Hili halisemwi kijiweni. Tunalisema sisi wakubwa, na linaniuma. Mwanamke anakutana na kipimo kwa sababu mimba inampeleka kliniki. Mvulana wa miaka 17 kinampeleka nini? Saa mbili asubuhi, zahanati inapopokea watu, ndipo abiria wake wanapojaa. Akifika, anaogopa kwamba dirishani atamkuta shangazi yake. Serikali ililiona hilo: mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa wakati huo, alizindua kampeni ya Furaha Yangu kuwahimiza wanaume wapime, na mwaka 2019 sheria ikashusha umri wa kupima bila ruhusa ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Vijana wengi niliowauliza hawajui kama sheria hiyo ipo.

Wapelekewe huduma jioni, pale pikipiki zinapoegeshwa. Wahudumu walipokuja kijiweni kwetu mara moja saa moja usiku, yule wa kadi safi alisimama kwenye foleni na helmeti kichwani. Alipofika mbele aliomba vipimo viwili, akataka aelekezwe tena jinsi ya kupitisha kijiti, pole pole, ili akamweleze mdogo wake.