Mtindo wa Kale na Mtindo Mpya: siku moja, tarehe mbili

Ukikuta Mapinduzi ya Urusi yameandikwa 25 Oktoba/7 Novemba 1917, usidhani mwandishi alishindwa kuamua. Ni siku ileile moja, Jumatano, iliyohesabiwa kwa kalenda mbili. Tarehe ya kwanza ni ya Mtindo wa Kale, yaani kalenda ya Juliasi. Ya pili ni ya Mtindo Mpya, kalenda ya Gregori, hii iliyomo kwenye simu yako. Ndiyo maana Wasovyeti waliadhimisha Mapinduzi ya Oktoba kila Novemba, tena bila kucheka.

Chanzo cha yote ni dakika 11. Kalenda ya Julius Caesar, iliyoanza kutumika mwaka 45 KK, inaupa mwaka siku 365 na robo: kila mwaka wa nne ni mrefu, wa siku 366, basi. (Ili ianze sawasawa, mwaka uliotangulia ulivutwa hadi siku 445. Wenye madeni ya mwisho wa mwaka hawakuwa na neno.) Mwaka wa jua, hata hivyo, ni mfupi kuliko huo kwa dakika 11 hivi, nazo zikilimbikizwa hutimiza siku nzima kila baada ya miaka 128 au karibu. Kufikia karne ya 16, siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana ilikuwa imerudi nyuma kutoka tarehe 21 hadi 11, ikaiburuta na hesabu ya Pasaka.

Papa Gregori XIII akafanya mambo mawili. Alifuta siku 10: Alhamisi 4 Oktoba 1582 ikafuatwa na Ijumaa 15 Oktoba. Kisha akapunguza miaka mirefu: mwaka unaofunga karne hauwi mrefu mpaka ugawanyike kwa 400. Hivyo 1600 na 2000 ni mirefu, lakini 1700, 1800 na 1900 si mirefu. Siku za juma hazikuguswa, na hilo ni la kushika. Mtawa Mkatoliki Teresa wa Ávila alifariki Hispania usiku huohuo wa kuvuka, ule ulioanza tarehe 4 ukaisha tarehe 15.

Hispania, Ureno na Poland zilitii mara moja. Nchi nyingi za Kiprotestanti na za Kiorthodoksi hazikutaka kusikia kalenda ya Papa, na kila zilivyokawia deni likakua. Uingereza iliposalimu amri mwaka 1752 ilibidi ifute siku 11: Jumatano 2 Septemba, kesho yake Alhamisi 14. Husimuliwa kwamba watu waliandamana kudai warudishiwe siku zao. Ushahidi wa ghasia hizo haupo. Hadithi imekuzwa na mchoro wa kejeli wa William Hogarth wa mwaka 1755, wenye bango la kudai siku 11. Urusi ilisubiri hadi 1918, ikalala 31 Januari na kuamka 14 Februari.

Waliotia fora ni Waswidi. Waliona kufuta siku zote kwa mpigo ni ukatili, wakapanga kuziacha moja moja: kila 29 Februari kuanzia 1700 hadi 1740 isihesabiwe. Ya 1700 wakairuka vizuri. Kisha vita na Urusi vikapamba moto, na 1704 na 1708 siku hiyo ikahesabiwa kama kawaida. Matokeo yake Uswidi ikawa siku moja mbele ya kalenda ya Juliasi na siku 10 nyuma ya ile ya Gregori, yaani haikubaliani na jirani yeyote. Mfalme Karl XII akaamua warudi walikotoka, na kwa kuwa 1712 ulikuwa mwaka mrefu tayari, siku ya kurudishwa ikabandikwa mwisho wa mwezi. Ndipo Uswidi ikapata 30 Februari. Walihamia kalenda mpya mwaka 1753 kwa mpigo mmoja, kama walivyokataa mwanzoni.

Kubadili tarehe ya kale ni kujumlisha tu. Kuanzia Oktoba 1582 hadi Februari 1700 ongeza siku 10. Kuanzia 1 Machi 1700 ongeza 11. Kuanzia 1 Machi 1800 ongeza 12. Kuanzia 1 Machi 1900 ongeza 13. Ukimaliza, linganisha siku ya juma: ikitofautiana, umekosea hesabu au chanzo chako kilikuwa kimeshabadilishwa, nawe umejumlisha mara mbili. Kosa hilo la pili ndilo la kila siku.

Mtego mwingine ni mwanzo wa mwaka. Uingereza, kabla ya 1752, mwaka wa kisheria ulianza 25 Machi, hivyo Februari ya 1731 yao ni Februari ya 1732 yetu. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu hiyo. Leo tunaandika 22 Februari 1732. Siku na mwaka vyote vimehama, mtoto ni yuleyule.

Wanaopenda sadfa huumia hapa. Husemwa Newton alizaliwa mwaka aliokufa Galileo, 1642. Galileo alifariki 8 Januari 1642 kwa Mtindo Mpya, Newton akazaliwa 25 Desemba 1642 kwa Mtindo wa Kale. Waweke wote kwenye kalenda mpya, Newton anaangukia 4 Januari 1643. Waweke kwenye ya kale, Galileo anarudi 29 Desemba 1641. Sadfa inapatikana kwa kuchanganya tu. Shakespeare naye, aliyeandikiwa 23 Aprili 1616, kwa kalenda yetu alifariki 3 Mei.

Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi bado linatumia Juliasi, ndiyo maana Krismasi yake huwa 7 Januari. Mwaka 2100 si mrefu kwa Gregori ila ni mrefu kwa Juliasi, kwa hiyo tofauti itafika siku 14 na Krismasi hiyo itasogea hadi tarehe 8.