Ndimi nne za mpingo: fimbo ya pool ya mtindo wa kale kwa randa ya mkono

Fimbo nyingi za pool kwenye baa zina ndimi nyeusi juu ya kishikio. Kwangua kidogo kwa wembe utaona ni rangi, au karatasi iliyobandikwa chini ya vanishi. Kwenye fimbo za zamani za Uingereza ndimi hizo ni mbao halisi, na hakuna aliyezichora. Zilijitokeza zenyewe randa ilipokata bapa la mteremko kwenye mti wa mviringo, kibao cheusi kikagundishwa hapo na fimbo ikarudishwa duara. Ndiyo maana ulimi wa mkono una kichwa cha duara na haulingani kabisa na mwenzake, wakati ule wa mashine umechongoka kama jino la msumeno. Njia ya mkono haihitaji mashine ya kukereza, na mbao zake, mpingo na mninga, huota humu humu mkoani Tabora.

Ufito wenyewe utoe kwenye fimbo chakavu ya mepo, ule mti mweupe mgumu wa Marekani na Canada. Hilo si jambo la aibu: George Balabushka (1912–1975), fundi ambaye fimbo zake zinatafutwa sana Marekani, alianza kwa kugeuza Titlist za Brunswick, fimbo za kawaida za kumbi za mchezo. Tafuta yenye sentimita 145 hadi 147. Ivingirishe juu ya kioo bapa na uangalie mwanga unaopita chini yake. Kisha fuata nyuzi za mti: zikitokea ubavuni kabla ya kufika nchani, achana nayo, kwa kuwa hata ukiinyoosha leo itapinda mvua za Novemba zikianza.

Mpingo nunua vipande vilivyobaki kwa mafundi, na uliza karatasi za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla ya kulipa. Unahitaji vibao vinne vya sentimita 42, upana milimita 35, unene milimita 10. Paka nta kwenye ncha zake, maana mpingo hukauka taratibu na hupasuka kuanzia hapo. Pima uzito kila wiki. Usipobadilika wiki tatu mfululizo, mbao iko tayari. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndio wakati mzuri wa kazi hii.

Laza ufito kwenye ubao wenye mfereji wa V. Weka alama sentimita 40 kutoka kitakoni, halafu randa bapa mbili zinazotazamana, kila moja ianze sifuri kwenye alama na kuingia milimita 8 kwenye kitako. Kama kitako kina milimita 28, katikati inabaki 12. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Mteremko ni milimita 1 kwa kila 50, kwa hiyo kosa la milimita 0.2 tu linasogeza kichwa cha ulimi sentimita nzima. Ndimi zikitofautiana urefu, mara nyingi chanzo si gundi wala msasa. Ni ufito uliozunguka kidogo kwenye mfereji. Bana kitako kisicheze, na pima pande zote mbili kila baada ya mapito matatu ya randa.

Mpingo una mafuta, na mafuta hukataa gundi. Kwaruza uso kwa msasa namba 80, futa kwa spiriti, gundisha ndani ya nusu saa. Tumia epoksi ya saa 24, si ile ya dakika tano inayokauka ukiwa bado unapanga. Kwa kuwa bapa ina mteremko, kibao kitateleza ukianza kukaza. Zile sentimita 2 za ziada zinazotokeza nyuma ya kitako ni za kupigia kamsumari kakishike. Kisha zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa upana wa sentimita 2. Huu unashinda klampu zote kwa sababu unakaza sawasawa pande zote. Usikaze kupita kiasi: epoksi ikiisha kutoka yote, kiungo kinabaki kikavu na kitaachia fimbo ikianguka sakafuni.

Siku ya pili sawazisha, geuza robo mzunguko, rudia na vibao viwili vilivyobaki. Ukipenda mstari mwembamba wa rangi, weka ubapa wa mninga wa milimita 0.6 chini ya mpingo.

Kurudisha duara, randa pande nane, kisha kumi na sita, ndipo ushike msasa. Mpingo hula makali ya randa. Noa mara kwa mara na ukate nyembamba sana. Vaa barakoa, vumbi lake linawasha. Kitako kiishie milimita 29 au 30.

Uzito unaotafutwa ni gramu 510 hadi 600, na fimbo isimame kwenye kidole kama sentimita 46 kutoka kitakoni. Ndimi za mpingo huongeza takriban gramu 60 juu ya mepo uliyoondoa, hivyo risasi, ile metali nzito ya kuongezea uzito, haihitajiki. Mninga ni mwepesi na mzuri wa rangi, lakini utalazimika kutoboa kitako: tundu la milimita 10 kwa 60 likijazwa risasi linaongeza gramu 50 na zaidi kidogo. Mimi huchagua mpingo, kwa sababu uzito wake umetawanyika kwenye kishikio chote badala ya kurundikana mwishoni.

Vanishi nzito inanata kiganjani. Paka mafuta ya linsidi mara tatu, siku moja moja kati yake, umalizie na nta ya nyuki ukiisugua kwa kitambaa mpaka ipate joto. Vitambaa vya linsidi vitandaze nje vikauke. Vikikunjwa pamoja vinaweza kuwaka moto vyenyewe.