Je, wajua? Taa zinazowaka juu ya nyasi za viwanja vya England si za kuzipasha joto

Mechi ya Ligi Kuu ya England mwezi Januari: wachezaji wanafuka mvuke mdomoni, mashabiki wamejikunyata, lakini uwanja ni kijani kibichi. Ukiuliza siri yake kwenye kibanda umiza utajibiwa kwamba chini kuna mabomba ya maji ya moto. Na zile taa za rangi ya chungwa zinazotandazwa juu ya nyasi uwanja ukiwa mtupu? Utaambiwa nazo ni za joto.

Mabomba yapo kweli. Everton walifukia nyaya za umeme za kupasha udongo chini ya uwanja wao wa Goodison Park mwaka 1958, na miaka miwili baadaye wakaufukua uwanja tena kwa sababu maji yaliyoyeyuka yalizidi uwezo wa mitaro. Leo mfumo wa aina hiyo ni sharti la ligi. Ila kazi yake kubwa ni kuzuia udongo usigande na mechi isiahirishwe. Kukuza nyasi ni habari nyingine.

Nyasi za huko ni raigrasi, zinazotoka nchi za baridi. Ukoka wetu hupauka na kulala udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi, lakini raigrasi hukua, japo kwa kusuasua, hadi nyuzi 5 au 6 (kiwango hubadilika kulingana na kina unachopima). Baridi basi huipunguza mwendo tu. Kinachoiangusha ni kiza.

Adhuhuri ya Desemba 21 jijini London, jua huwa nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Jukwaa la kusini lenye kimo cha mita 30 hutupa kivuli cha mita 112, na uwanja wenyewe una urefu wa mita 105! Hiyo ni hesabu ya karatasi, maana baadhi ya mapaa hupitisha mwanga na hata kivulini kuna mwanga wa anga. Lakini ndiyo sababu uwanja wa kijijini usio na jukwaa unaweza kuwa na nyasi zenye afya kuliko uwanja wa mabilioni.

Lichukulie jani kama duka. Mwanga ndio mauzo, kwa kuwa ndio unaoingiza sukari. Upumuaji wa mmea ndio matumizi, na hayo hulipwa usiku na mchana. Baridi ikiingia, mauzo hupungua lakini matumizi nayo hushuka, kwa hiyo duka linajikongoja. Sasa pasha udongo bila kuongeza mwanga: umeajiri wahudumu wapya msimu ambao wateja hawaji. Mwenye duka anaanza kula mtaji. Nyasi nazo hula sukari ziliyoweka akiba kwenye vishina, hurefuka zikiwa nyembamba na zilizopauka, na beki akiteleza, kipande kizima kinang'oka.

Ndiyo maana kazi kuu ya zile taa za chungwa ni kutoa mwanga. Zina magurudumu: husogezwa palipochakaa, hasa golini, zikawaka kwa saa nyingi. Taa hizo za chungwa, ambazo ni za sodiamu, hutoa joto pia, na joto hilo husaidia, kwa hiyo anayesema zinapasha joto hajakosea kabisa. Amechukua cha pembeni akakifanya kikuu. Taa za LED hazina joto kubwa, na baadhi ya mitambo yake hufungiwa vipasha joto vya ziada.

Mbolea nayo ina vituko vyake. Naitrojeni ya samadi husubiri bakteria wa udongo, ambao baridi huwalaza, hivyo watunza viwanja hupulizia mbolea kwenye majani kidogo kidogo. Wakizidisha, majani laini hushambuliwa na kuvu wa Microdochium, anayestawi kwenye ubaridi na unyevu. Kuna pia salfeti ya chuma: ndani ya siku chache nyasi huwa kijani cha kukolea bila kurefuka. Kwenye televisheni huoni tofauti, kwa hiyo mtunza uwanja huangalia kikapu cha mashine ya kukatia. Akimaliza uwanja mzima na kikapu bado kitupu, nyasi hazijakua.