Baridi ya Kelvini 1.9: wanavyodhani na ilivyo

Mwambie fundi wa AC wa Kariakoo kwamba sumaku za LHC, mtambo wa kuharakisha chembe wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hukaa kwenye Kelvini 1.9, yaani nyuzi 271 chini ya sifuri. Atauliza kompresa ni ya ukubwa gani. Swali zuri, ila kazi kubwa haiko kwenye kompresa.

Dhana: ni friji kubwa tu

Gesi ya AC ikipenya kwenye valvu nyembamba hupoa. Heliamu, ambayo ndiyo hupoza sumaku hizi, ikipita hapohapo ikiwa na joto la kawaida hupata joto. Sharti kwanza ishushwe chini ya Kelvini 40 hivi, kwa turbaini (naitrojeni kimiminika husaidia mwanzoni tu, haifiki huko), ndipo valvu iipoze.

Umeme nao si wa kawaida. Kwa Dar ya nyuzi 30, kutoa wati 1 ya joto kwenye Kelvini 4.5 kunahitaji wati 66 hata kwa mashine isiyo na dosari yoyote. Mitambo mikubwa halisi hula takriban 230. Kwenye Kelvini 1.9, ile 66 inakuwa 158. Wati 1 ikipenya huchemsha karibu lita 1.4 za heliamu kila saa, kwa hiyo kuzuia joto lisiingie kunalipa kuliko kununua kompresa kubwa.

Dhana: foili zikazwe vizuri

Hapa ndipo mafundi makini huharibu kwa nia njema. Sumaku hukaa ndani ya ganda la vakyumu, yaani lililonyonywa hewa, na kufunikwa foili za plastiki iliyopakwa alumini. Foili huzuia joto ikiwa tabaka zake zimelegea, katikati pana wavu mwepesi. Sumaku za LHC zina tabaka 30 juu ya ngao ya kuzuia joto yenye Kelvini 50 hadi 65, na 10 tu juu ya sumaku yenyewe. Ukikaza, tabaka zinagusana na joto linapita. Maungio ya tabaka moja yasilalie maungio ya tabaka inayofuata.

Unyevu wa Dar unaongeza kazi: plastiki hunyonya maji, pampu inabaki kuvuta mvuke siku kadhaa na vakyumu haishuki. Foili zikae kwenye mfuko uliofungwa, vaa glavu, na ukihitaji kufungua tangi lijaze naitrojeni kavu, usiruhusu hewa ya chumbani.

Dhana: mtungi wa heliamu safi kwa asilimia 99.999 unatosha

Uchafu hutoka kwenye mpira wa kuunganishia na oili ya kompresa. Maji, oksijeni na naitrojeni vyote huganda na kuziba kibadilisha joto. Dalili yake: tofauti ya presha kati ya mwingilio na tokeo inapanda huku mtiririko ukipungua. Piga vakyumu kwenye mpira, jaza heliamu, rudia mara tatu, ndipo ufungue valvu.

Kwenye Kelvini 1.9 presha ya mvuke ni milibari 23 hivi, chini mno ya presha ya hewa. Tundu dogo halitoi heliamu nje, linavuta hewa ndani, bila sauti.

Dhana: haina sumu, basi ni salama

Lita 1 ya heliamu kimiminika huwa zaidi ya lita 700 za gesi. Mwaga lita 10 kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari la mita 2.5, oksijeni itashuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 15. Kihisi cha heliamu hukaa juu. Cha naitrojeni baridi, karibu na sakafu.

Ukubwa wa valvu ya usalama upangwe kwa siku vakyumu itakapopotea. Hewa ikigusa tangi la heliamu lisilofunikwa foili huleta joto la takriban kilowati 38 kwa kila mita ya mraba. Likiwa na tabaka 10 za foili, karibu 6. Tarehe 19 Septemba 2008 kiungo kibovu cha umeme kati ya sumaku mbili za LHC kilitoboa chombo cha heliamu. Takriban tani 6 zilivuja, valvu za ganda la vakyumu zikazidiwa, na baadhi ya sumaku ziling'oka kwenye nguzo zake. Baadaye matundu ya kutolea presha yaliongezwa na kupanuliwa.