Kuchakaza fanicha si kuruka maandalizi

Wengi hudhani kabati la mtumba likitakiwa lionekane limechakaa halihitaji kuandaliwa: paka rangi juu ya vumbi na vanishi, itabanduka yenyewe. Itabanduka kweli, ila kwa mapande, popote itakapo. Osha kwanza mafuta ya mikono kwa maji ya sabuni, likauke, kisha ondoa mng'ao kwa msasa namba 120. Sugua mshumaa kwenye kingo, pembe na kando ya vishikio, yaani panapoguswa kila siku. Hapo rangi haitashika. Kisha paka rangi; ikikauka, pitisha msasa 220 taratibu hapo penye mshumaa. Katikati ya mlango paache (nani hushika hapo?). Tahadhari: rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, usiisugue ikiwa kavu.