Kuivua kava hakuifanyi pikipiki kuwa ya porini

Juzi kaja kijana mwingine gereji. Huyo ni wa nne tangu minada ya korosho ianze. Katoka Newala na Pulsar NS200 aliyoinunua Dar, bado inang'aa, na ombi lake ni lile lile la wenzake: "Fundi, nifungie tairi za meno mbele na nyuma. Nataka niwe naingia nayo mchangani Msimbati, na mvua zikianza niende Liwale kwa mjomba. Hii ni nekedi, haina makava ya kuvunjika, inapita popote."

Nimechoka kulijibu hili mtu mmoja mmoja huku nimeshika spana, kwa hiyo naliandika.

Nekedi, yaani pikipiki isiyo na makava ya plastiki ya kufunika injini, ni pikipiki ya lami. Umbo lake lilitoka kwenye lami na hesabu zake zote ni za lami. Miaka ya 1980 kule Uingereza, vijana wenye pikipiki za mwendo kasi walikuwa wakianguka, makava yanapasuka, na makava mapya bei yake haishikiki. Wakaziacha wazi vile vile, wakafunga usukani ulionyooka na kuinuka, wakaendelea na safari. Mwaka 1993 Ducati ikaanza kuuza Monster, iliyochorwa na Miguel Galluzzi: injini iko nje, fremu ya mabomba iko nje, taa ya duara mbele. Watu wakaipenda na viwanda vingine vikafuata. Lakini kilichotolewa ni plastiki. Mifupa ilibaki ya barabarani. Ukimvua mtu koti hujambadilisha miguu.

Kwa anayebisha, Yamaha wenyewe wamemaliza ubishi. Wana injini moja ya silinda mbili, cc 689. Mwaka 2014 wakaiingiza sokoni ndani ya MT-07, ambayo ni nekedi. Mwaka 2019 injini hiyo hiyo ikatoka tena ndani ya Ténéré 700, pikipiki ya njia mbovu. Moyo mmoja, miili miwili. Sasa pima. Tumbo la MT-07 liko milimita 140 kutoka ardhini, la Ténéré liko 240. Shokapu za mbele za MT-07 zinacheza milimita 130, za Ténéré 210. MT-07 ina rimu za aloi za inchi 17 mbele na nyuma, Ténéré ina rimu za spoku, inchi 21 mbele na 18 nyuma. Halafu angalia usoni: ile ya porini ndiyo yenye kioo cha kukinga upepo na plastiki zake, na ile ya lami ndiyo iko wazi. Mtu aliyeona hizo mbili zimesimama pamoja hawezi tena kuniambia habari ya kava.

Na uzito? Ténéré ndiyo nzito, inapita kilo 200 ikiwa na mafuta, wakati MT-07 iko kwenye 180 na kitu. Kwa hiyo hata wale wanaosema "nyepesi ndiyo ya porini, basi" wanaharakisha. Wepesi unasaidia sana, hasa ukishaanguka na uko peke yako, lakini hauwezi kufanya kazi ya shokapu.

Tuingie mchangani, maana hapo ndipo vijana wananiumiza roho. Njia ya Msimbati, ukishaacha sehemu ngumu, mchanga ni laini na mkavu, na magari yanakwama humo kila mara. Tairi ya mbele ikiingia kwenye mchanga kama ule haiviringiki juu yake tu, inausukuma. Mbele ya tairi inajengeka tuta dogo, na tairi inatakiwa ilipande tuta hilo kila inchi unayokwenda. Tairi yenye kipenyo kikubwa inalikuta tuta kwa mteremko mdogo, inalipanda. Tairi ya inchi 17 inalikuta kama ukuta. Inazama, usukani unapinda wenyewe, na mwendeshaji anafanya kosa ambalo kila mgeni wa mchanga hulifanya: anafunga mafuta. Ukifunga mafuta, uzito wote unakuja mbele juu ya tairi ile ile inayozama. Hapo umeshalala.

Dawa yake inajulikana: simama juu ya vikanyagio, bana tanki kwa magoti, rudisha makalio nyuma, acha usukani ucheze mikononi bila kuung'ang'ania, macho mbali, mafuta yawe wazi na ya sare. Jaribu kufanya hivyo juu ya nekedi. Vikanyagio vyake vimewekwa nyuma na juu, usukani uko chini kwa mtu aliyesimama, tanki limevimba. Ukisimama unainama kama anayefua nguo kwenye beseni, uzito wako wote uko mbele. Pikipiki yenyewe inakukatalia mkao unaohitaji. Tairi za meno haziwezi kulitibu hilo, na hiki ndicho ninachoshindwa kuwaingiza watu akilini.

Mengine kwa haraka. Rimu ya aloi ikigonga jiwe inabonyea au inapasuka. Ya spoku unaikaza, unainyoosha, unaendelea. Madigadi ya mbele ya nekedi imebana juu ya tairi, kwa hiyo udongo mfinyanzi wa njia ya Liwale unajaa pale katikati mpaka tairi inagoma kuzunguka. Nyingi za porini madigadi yake iko juu kabisa. Ukiitoa hiyo ya nekedi, tope lote linaruka kwenye rejeta, na NS200 inapoza injini kwa maji. Ekzosi ya ile ya kijana imelala chini ya injini, ndiyo itakayosalimiana na visiki kwanza. Na nguvu yake ya juu inapatikana karibu na mizunguko 9,500 kwa dakika. Kwenye tope unataka nguvu ya chini, ile inayokuvuta polepole bila tairi kuzunguka bure.

Sasa niseme linaloninyima raha, kwa sababu kuna mtu atanirukia nalo. Boxer. Boxer BM150 ina inchi 17 mbele na nyuma, shokapu fupi, tairi nyembamba za barabarani, na kila siku nawaona bodaboda wa Tandahimba wakivuka mchanga na gunia la korosho nyuma na abiria juu yake. Kwa maneno yangu ya hapo juu, wangekuwa wamelala wote. Sehemu ya jibu ni kwamba tairi nyembamba inaukata mchanga mpaka inakuta sakafu ngumu chini, ikiwa sakafu ipo. Sehemu nyingine ni mzigo wa nyuma, unaoipunguzia uzito tairi ya mbele. Na sehemu kubwa ni yule bodaboda, anayeijua kila mita ya njia yake. Hata hivyo nakiri haya hayanitoshelezi. Nimewahi kumfuata mmoja nikiwa na Honda XL125 yangu ya porini, yenye kila ninachokisifia hapa, na akaniacha.

Jambo la pili nisilolitolea amri ni upepo wa tairi. Mchangani unapunguza, hilo halina ubishi, tairi itanuke na ielee. Lakini ukipunguza sana kwenye tairi yenye tyubu, tairi inateleza juu ya rimu na kung'oa valvu. Kwenye isiyo na tyubu, inaachia ukingo wa rimu na upepo wote unatoka mara moja, na huko Msimbati nani atakujazia? Mimi napunguza kidogo, najaribu, napunguza tena. Mwenye mzigo anabaki na upepo mwingi kuliko asiye nao. Namba moja ya watu wote sina.

Kama kweli unataka pikipiki ya njia hizi, tafuta Honda XL125 au Yamaha DT125 iliyotumika, nyingi zilikuwa za miradi na idara. Kabla ya kutoa hela, inua tairi ya mbele, geuza usukani taratibu: ukikwama katikati, golori zimekwisha. Papasa shokapu za mbele, mafuta yasiwepo mkononi. Shika tairi ya nyuma uitikise kushoto na kulia. Ikigonga, bushi zimekufa.

Kijana wa Newala sikumfungia meno. Nimemwambia aje Jumamosi asubuhi, anifuate Msimbati kwa XL yangu na mimi nitapanda Pulsar yake mpaka lami inapoishia. Akisharudi, ndipo atanieleza anataka tairi gani.