"Mwache, atakomaa"

Hapa Goma mzazi akilalamika kwamba mwanawe anaonewa shuleni, jibu huwa tayari: "Mwache, atakomaa." Si kweli. Mtoto anayeonewa kila siku hakomai. Ananyamaza, tumbo linamuuma kila asubuhi, alama zinashuka. Na si wachache: mwaka 2019 UNESCO ilieleza kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alionewa na wenzake ndani ya mwezi mmoja.

Nilimwona binti wa familia iliyokimbia vita, ameketi peke yake juu ya jiwe la lava, shati lake jeupe limepauka, wenzake wakimwita "deplase", yaani aliyehamishwa na vita, kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake. Fimbo ya mwalimu haikuhitajika. Msichana mmoja alimwendea, akamwita kwa jina lake, akamega andazi wakala pamoja. Kelele zikakatika.

Watafiti wa Kanada waliorekodi watoto uwanjani walionyesha mwaka 2001 kwamba mwenzao anapoingilia kati, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu hukoma ndani ya sekunde 10. Ndiyo maana KiVa, programu ya Ufini ya kupambana na uonevu shuleni, huwalenga hasa watoto wanaotazama.

Wangu sasa namuuliza kila jioni: leo umekaa na nani?